Lugano na Gari la Milango Miwili

Kinyala, Tukuyu
10 Mei 1998

Loyce, Lugano ananunua gari la turbo! Jekundu! Haya, sasa kaa chini nikusalimie.

Ugonile, mdogo wangu? Hujambo na joto la huko? Sisi Kinyala hatujambo, Mungu anatulinda. Mvua ya El Niño imekwisha, ila na barabara imekwisha nayo. Chai imestawi, inakimbia kuliko mikono ya wachumaji. Yule ng'ombe mweupe kazaa ndama jike. Shemeji yako Andongwisye hajambo, anasema mara hii ukija uje na koti lako, yeye hakuazimi tena la kwake.

Sasa turudi kwenye jambo. Mwanangu kaniandikia kwa mkono wake. Anasema hapo bandarini anapofanya kazi ya kutoa mizigo ya watu, magari ya Kijapani yaliyotumika yanashuka kama nzige, na yeye amepata la mbio, lina turbo. Barua nimeisoma kanisani. Si kwa kujivuna, nilimsomea tu mama aliyekaa mbele yangu, na wa nyuma yangu, wengine wakasikia wenyewe.

Turbo huenda wewe huijui. Mimi nimemuuliza Ackson, dereva wa lori la majani ya chai. Kaniambia, "Mama Lugano, turbo ndiyo inayopandisha lori na mzigo wake wote mlima huu. Lisilo na turbo linalia njiani kama mbuzi." Basi nikawaambia akina mama wa kikundi chetu wasihangaike: Krismasi hii mikungu yao ya ndizi itashuka sokoni Kiwira kwa turbo ya Lugano. Elina hapo akageuza uso. Unamkumbuka Elina, jirani yangu wa bondeni? Tangu mwanawe Medard alete kile kipikapu chake, mama huyo hatusalimii tena kwa mdomo, anatusalimia kwa honi.

Loyce, Lugano hajakanyaga hapa Krismasi tatu. Mjukuu wetu Lusungu babu yake hajamwona ila kwenye picha, na kwenye picha yenyewe mtoto kafumba macho. Lakini sasa Lugano kaandika, "Mama, nikipata gari nakuja." Umesikia? Nenda basi ukalitazame, uniambie ukubwa wake, nijue nipanue lango kiasi gani. Na umwambie asichelewe, wanaume wakipewa muda wa kufikiri hufikiri kweli.

Dada yako,
Tulinagwe


Tabata, Dar es Salaam
29 Mei 1998

Dada Tulinagwe,

Shikamoo. Barua yako imenikuta natoka zamu ya wodini, miguu imevimba kama mihogo, nikaisoma nimesimama. Nimefurahi chai imestawi. Mpe Shemeji salamu zangu, mwambie koti ninalo, ni kubwa kuliko lake. Mimi hapa nazeeka vizuri. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, na leo ni Ijumaa, kwa hiyo naandika huku nakinga ndoo.

Gari nimeliona. Kwanza, halijanunuliwa. Mwenyewe ni mtu wa bandarini, mjanja, amemwachia Lugano aliendeshe-endeshe ili roho imshike, na imemshika.

Ni zuri, sitasema uongo. Liko chini kana kwamba linatafuta sindano iliyoanguka. Taa zake zimefumba, zikiwashwa zinainuka kama macho ya chura. Milango ni miwili tu. Nyuma kuna kiti, lakini ni kiti cha mkoba, si cha mtu. Buti lilipokea mwavuli wangu na kapu langu, likafungwa kwa shida. Mkungu wa ndizi, dada, labda uumenye kwanza.

Hiyo turbo nimemuuliza. Anasema moshi wa injini unazungusha feni ndogo, feni inasukuma hewa ndani ya injini, ndipo gari linapata wazimu. Ni turbo ya kukimbia, si ya kubeba. Akanipeleka hadi Mwenge kunionyesha. Nilipiga kelele nikamwambia aache. Kisha nikamwambia arudie.

Kutoka ndani ndiyo kazi. Nilitoka kwa magoti, na gauni langu la unesi, mbele ya wauza machungwa. Mmoja akaniuliza, "Pole mama, umedondosha nini?"

Kuna gari jingine analoweza kulipata palepale. Jeupe, refu, milango minne na wa tano nyuma, sura yake kama kabati la vyombo. Fedha yake inatosha moja. Hilo jeupe halitaki hata kulitazama.

Sasa nakuuliza wewe uliye mkubwa wangu. Mkija kusafiri pamoja, Shemeji atakaa wapi, na Atupele mkamwana wake atakaa wapi? Hajamfungulia hata leo, ninavyojua.

Lusungu hajambo. Yuko hapa ananivuta kalamu.

Mdogo wako,
Loyce


Kinyala
21 Juni 1998

Mdogo wangu Loyce,

Salamu nyingi kama majani. Baridi ya Juni imeshuka, asubuhi Mlima Rungwe hauonekani mpaka mtu aamue kuamini kwamba upo. Tunakula ndizi za mbalaga moto moto na kukuhurumia wewe unayekula chips.

Maneno yako kuhusu gari nimemsomea Ackson. Anasema umelitazama vibaya. Turbo ni turbo, huko mjini mmeizoesha uvivu tu. Mimi nimekubali maneno ya mtu anayeendesha.

Na swali lako la viti limejibiwa na Lugano mwenyewe, nami nakunakilia uone akili ya mwanangu: "Mama, gari hili ndilo la Kinyakyusa kabisa. Kiti cha dereva, kiti cha abiria, basi. Nikimpakia baba, mke wangu yuko nyumbani. Nikimpakia mke wangu, baba yuko nyumbani. Hakuna atakayevunja mila hata akitaka." Loyce, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Mjapani alitufikiria bila kutujua!

Wewe umekaa Dar mpaka mila zimekutoka, acha nikukumbushe. Mkamwana kwetu humwogopa baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halipiti mdomoni mwake, mpaka mzee mwenyewe amfungulie kwa zawadi. Mchungaji amehubiri dhidi ya jambo hilo hadi sauti imekauka, na mkamwana wake yeye hupita mlango wa nyuma.

Sasa sikia cha mwezi uliopita, ujue faida ya milango miwili. Medard alimpakia baba yake mbele, katikati, na kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha akamwambia na mkewe aingie, akae dirishani. Kiti kimoja! Mtoto wa watu akajifunika khanga kichwa kizima, akawa kama gunia la viazi. Mzee naye akageuza uso kwa dereva, shingo ikamkaa upande hadi kesho yake. Kufika Kiwira, gari halijasimama sawasawa, mkamwana akafungua mlango akaruka, akatua kwenye beseni la nyanya za watu. Soko lote likaja kuangalia. Elina siku hiyo hakupiga honi.

Shemeji yako hajambo kabisa. Siku hizi anaikagua chai akiwa amekaa kibarazani, anasema mkulima mwenye macho mazuri hana haja ya kuzunguka. Aliteleza kidogo kwenye tope la shambani, usafiri ukapatikana, tukaenda hospitali tukarudi. Si jambo la kumwambia Lugano. Mwache anunue kwa roho nyeupe.

Nami nakuuliza. Lusungu anakuvuta kalamu siku ya Ijumaa, kwao si Temeke? Mama yake ni mwalimu, siku hiyo si ya shule?

Dada yako,
Tulinagwe


Tabata
12 Julai 1998

Dada,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za Kinyala. Beseni la nyanya nimewasimulia manesi wenzangu, mmoja wa Bukoba anataka kujua nani alilipia nyanya.

"Aliteleza kidogo." Dada, mimi ni nesi wa mwaka gani hata unifiche kwa maneno mepesi namna hii? Mtu aliyeteleza kidogo hupanguswa tope, hapelekwi hospitali. Mguu gani? Anasimama? Na huo usafiri uliopatikana, ulikuwa wa nani? Lori la Ackson halibebi watu, na mabasi hayafiki kwenu.

Atupele ana mimba ya miezi saba. Nadhani Lugano hajakuandikia, anaandika habari za gari. Juma lililopita alimfuata mkewe shuleni na lile jekundu, kumfurahisha. Kuingia aliingia, alidondoka tu. Kutoka ikawa kesi. Lugano akamvuta mikono, mwalimu mkuu akashika bega, mlinzi akatoa ushauri, wanafunzi wakaimba wimbo wanaouimba wakivuta kamba siku ya michezo. Alipotoka hakupanda tena. Alikuja kwangu kwa miguu, kupumzika.

Nimemuuliza Lugano, "Huyo mtoto wa pili utamweka wapi?" Akanijibu, "Mama mdogo, mtoto mchanga hana ukubwa." Nikamwambia, wewe ulizaliwa huna ukubwa vilevile, na mama yako hakukuweka kwenye buti.

Mwenye gari anataka jibu kabla ya katikati ya Septemba.

Mdogo wako,
Loyce


Kinyala
9 Agosti 1998

Loyce,

Hamjambo huko? Barua yako ilizunguka sijui wapi, imefika leo ina harufu ya samaki wakavu. Tumefurahi kusikia habari ya mimba. Nimemwambia kila mtu, na Elina nimemwambia mara mbili.

Sina muda wa maswali mengi, chai inangoja. Shemeji yako hajambo. Amehamia kulala sebuleni kwa sababu ya hewa.

Mimi nimefanya kazi. Kwa kuwa ulisema gari liko chini, nimewaita akina mama wa kikundi, tumebeba mawe kutoka mtoni, tumejaza mashimo yote kuanzia njia kuu hadi langoni kwangu. Wiki nzima. Tuliimba. Barabara sasa imelala kama mkeka, turbo haitagusa tumbo chini. Wa kwanza kupita juu yake akawa Medard na kipikapu chake, bila hata kuuliza. Nilikuwa ndani yake kwa sababu zangu.

Mwambie Lugano alipe, achukue, aje. Nimeshatangaza.

Na "kupumzika" kwa Atupele kulianza lini, na kumekwisha?

Tulinagwe


Tabata
30 Agosti 1998

Dada Tulinagwe,

Shikamoo. Leo sianzi na hali ya hewa.

Ackson alikuja Dar na lori, analeta chai bandarini. Nilimpikia wali na maharage, nikamwongezea, nikamwongezea tena, akasema yote. Shemeji amevunjika mfupa wa paja tangu Juni. Ana plasta kutoka kiunoni hadi kwenye vidole, mguu haukunji. Daktari wa mifupa wa Mbeya anataka kumwona mara kwa mara, na mabasi ya njia kuu yanamkataa kwa sababu mguu wake unaziba njia. Na anayempeleka Mbeya kila mara, amelazwa nyuma juu ya majani ya migomba na godoro, mwavuli umefungwa juu ya kichwa chake, ni Medard. Elina mwenyewe anakaa nyuma kuishika plasta isigonge, na wewe unashika mwavuli. Ackson anasema mnakwenda hadi Mbeya hamsemezani.

Ulikuwa ndani yake kwa sababu zako! Dada, nililia, halafu nikacheka, halafu nikakukasirikia.

Haya, na mimi niseme la kwangu, maana nimekuficha. Atupele hapumziki. Anaishi kwangu tangu Aprili, yeye na Lusungu. Alimwambia Lugano, "Siku utakayolipia gari hilo, ujue umeninunulia nafasi ya kubaki nilipo." Hakupiga kelele. Alikunja nguo za mtoto, akaja na vitabu vyake vya kusahihisha. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaisoma kanisani.

Lugano nimemwambia habari za baba yake. Tulikuwa ndani ya hilo jekundu, nje ya nyumba yangu. Alishika usukani, gari limezimwa. Mwisho akasema, "Mama mdogo, kwa turbo nitatoka hapa alfajiri, jioni niko Tukuyu." Nikamwuliza, "Na ukifika utamlaza wapi?" Akageuka akatazama kile kiti cha mkoba. Mpaka leo hajalipa, wala hajasema halipi.

Muda wa yule mtu unakwisha. Kama una neno la kumwambia mwanao, liwe la mguu wa baba yake, si la kikundi cha akina mama.

Loyce


Kinyala
13 Septemba 1998

Loyce mdogo wangu,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, jambo ambalo unajua silijui sana. Barua hii anakuletea Ackson mkononi, nimemwambia usimpe wali mpaka akupe barua.

Ni kweli yote. Sikukuandikia kwa sababu nilijiambia, Lugano akisikia baba kalala, atatuma fedha badala ya kuja. Fedha zinakuja kwa basi, hazina sura. Mimi nilitaka gari kwa sababu ndani ya gari kuna Lugano. Lingekuwa trekta ningelisifia.

Sasa nikueleze kilichotokea. Nilimsomea shemeji yako barua yako, yeye amelala sebuleni, mguu mweupe umenyooka kama mzinga wa nyuki. Nilifikiri atakasirika. Nilipofika pale Atupele alipokunja nguo, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka mpaka nikashika plasta.

"Tangu Aprili?"

"Tangu Aprili."

"Na wewe ulikuwa unabeba mawe."

"Nilibeba, ndiyo. Na wewe ulikuwa unayahesabu kutoka kibarazani."

Kisha akasema, "Mama Lugano, mwanao ni mzuri lakini hajui kuchagua kitu cha kulalia wala cha kukalia. Katika nyumba ile, mwenye akili ni yule aliyekataa. Achague Atupele."

Loyce, alitaja jina. Miaka yote humwita "yule wa Lugano". Nikamwambia, "Umemtaja." Akasema, "Nimemtaja. Namfungulia. Yule ndama jike ni wake. Mwambie Loyce ampelekee neno, kwamba siwezi kumwogopesha mtu ambaye nataka anishike mkono nikitoka kwenye gari."

Nilimwambia mkamwana hufunguliwa mbele ya watu, na kwamba haijapata kutokea mtu kufunguliwa kwa kupelekewa maneno. Akaniambia, nami haijapata kutokea nipelekwe Mbeya kama mkungu wa ndizi, na watu waliona.

Basi nikatoka nje nikamwita shahidi wa kwanza aliyepita njiani. Alikuwa Elina. Shemeji yako akalisema neno lote tena mbele yake. Elina akalia, mimi nikalia, mzee akatuambia tukalilie jikoni. Tumekunywa chai pamoja. Ndaga fijo, asante sana, nimemwambia, kwa mguu. Akasema, "Mwenzangu, mimi nilikuwa nangoja uniambie tangu Juni." Halafu akasema nina majani mazuri ya chai lakini sijui kuichemsha. Nikamwacha aseme.

Mpelekee Atupele neno hilo leo leo. Lugano nimemwandikia peke yake, nusu ukurasa. Sitakuambia nilichoandika.

Dada yako,
Tulinagwe


Tabata
4 Oktoba 1998

Dada mpendwa,

Shikamoo, na hongera bibi! Atupele kajifungua Jumatatu iliyopita, mtoto wa kiume, mzito, anapiga miayo kama mtu aliyetoka kulima. Mimi mwenyewe nilimpokea.

Nieleze kwa utaratibu. Neno la Shemeji nilimpa Atupele jikoni kwangu, anachambua mchele. Aliniomba nilirudie. Kisha akauliza, "Kasema Atupele, au kasema mke wa Lugano?" Nikamwambia kasema Atupele. Akaendelea kuchambua mchele, lakini alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Asubuhi yake akafunga kilemba, tukaenda bandarini watatu, mimi, yeye na Lugano. Lugano alitangulia, mikono mfukoni. Atupele hakulitazama lile jekundu. Alikwenda moja kwa moja kwa lile kabati la vyombo, akafungua milango yote mitano. Akalaza viti vya nyuma. Halafu, dada, na mimba yake ile, akapanda, akajilaza chali, miguu ameinyoosha kuelekea mlango wa nyuma. Makuli wakasimama kutazama. Akaniita, "Mama mdogo, baba ananizidi urefu kwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akasogea, akapima, akasema, "Anaenea. Na mto unabaki na nafasi."

Lugano alilipa siku hiyo hiyo. Lile jekundu lilichukuliwa mchana na daktari wa meno, kijana asiye na mke. Lilipoondoka Lugano alisimama hadi likapotea. Nilidhani nitamcheka, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Nilitaka tu baba aone taa zikiamka." Nikashindwa kucheka. Na kwa kweli hata mimi ningependa kwenda Mwenge mara moja nyingine.

Atupele amerudi Temeke. Lugano alikuja kumchukua na lile jeupe, akamfungulia mlango, Atupele akapanda kama mtu anayepanda ngazi za kanisa.

Mtoto tulikuwa tunamwita "mgeni". Jana nilishinda kwao, nikamwuliza mama yake jina. Akatazama mlango kwanza, kama mtu anayetaka kuiba sukari. Akasema polepole, "Andongwisye." Halafu akasema tena kwa sauti. Halafu akalisema siku nzima bila sababu. Andongwisye amelala, Andongwisye amekojoa, Andongwisye analia. Nakuomba umwambie Shemeji asichukie, jina lake linatumika sana huku.

Mdogo wako,
Loyce


Kinyala
1 Novemba 1998

Loyce, plasta imetoka! Mguu umekuwa mwembamba kama mpini wa jembe, haukunji, lakini ni mguu wake na anasimama juu yake na magongo mawili!

Haya, hamjambo wote? Sisi hatujambo. Elina anakusalimu, yuko hapa pembeni anasoma ninachoandika, na anasema nimekosea kuandika jina lake hapo juu. Sijakosea.

Shemeji yako kasikia habari ya jina. Aliomba redio izimwe, akaniambia niisome tena ile sehemu ya kukojoa. Kila mgeni akija ananiambia niilete barua. Kurasa zimeanza kuchanika, niandikie nyingine inayofanana.

Gari jeupe nimelieleza kanisani. Nimewaambia akina mama kwamba turbo tulipewa, tukaikataa. Watu wa hali yetu hatukimbizani na mtu. Nimewaambia ni gari la milango mitano, na mmoja wao ni wa nyuma, wa mzee peke yake. Mama mmoja akauliza, "Na ndizi zetu?" Nikamwambia zitapanda pikapu ya Medard, nimeshazungumza na mama yake. Kwa kweli ni mama yake aliyezungumza, mimi niliitikia tu.

Ackson amesikitika. Anasema gari lisilo na turbo litalia mlimani. Nimemwambia lilie, litafika likilia.

Sasa utaratibu, na umsomee kila mtu. Lugano aendeshe taratibu, mtoto hajakaza shingo. Mkifika langoni, asishuke mtu kabla ya Atupele. Yeye atashuka kwanza, atakuja kibarazani kwa mlango wa mbele, wa mbele Loyce, asizunguke nyuma hata kama miguu itamvuta. Shemeji yako atakuwa amesimama. Amekataa kiti, anafanya mazoezi kila asubuhi kutoka sebuleni hadi nguzo ya kibaraza na kurudi, anadhani sioni. Atampa mkono, na Atupele atampa mtoto, na hapo mimi nitafanya kelele ninavyojua mwenyewe. Ndama amefungwa utepe, ameshaula mmoja, nimenunua mwingine. Lusungu aje amefumbua macho.

Lugano mwambie sina neno naye. Aje tu anisogeze sufuria kubwa, maana Medard peke yake haiwezi.

Na wewe omba likizo mapema, usiniambie zamu. Koti lako la kifahari ulete, baridi haijui unesi. Mchungaji anakuja, kikundi chote kinakuja, Elina na watu wake wote wanakuja, na mkamwana wake kaniahidi hataruka.

Tunawangoja wote, Jumamosi, tarehe 19 Desemba, kabla ukungu haujashuka.

Dada yako,
Tulinagwe, bibi yao